Maji ya Uvuguvugu Mlangoni

Kila asubuhi maji yalikuwa mlangoni. Kibidoni, kidumu kidogo cha njano, kimezungushiwa kitambaa na kingali na joto, kimewekwa juu ya jiwe upande wa kulia. Aliyekiweka alikuwa amekwisha kuondoka. Papa Séraphin alisikia tu miguu yake ikirudi jikoni, na mtoto akikohoa mgongoni.

Alikivuta ndani. Alinawa uso, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akamalizia na miguu. Maji ya moto kidogo kwa mzee ni heshima kubwa. Yaliyobaki, yakisha kupoa, aliyamwaga kwenye kitunguu kilichojiotea nyuma ya ukuta, kisha akakirudisha kibidoni juu ya jiwe, kitupu, kifuniko kimefungwa vizuri. Halafu alikaa kwenye kigoda chake akatazama barabara ya Walikale, ambayo siku nyingi haikuwa na kitu cha kutazama.

"Mkwe wangu ananiheshimu," alijiambia. Hakuwa na mwingine wa kumwambia.

Huyo mkwe alikuwa Blandine, mke wa mwanawe Stéphane. Papa Séraphin hakuwahi kulitamka jina hilo. Kwao, milimani juu ya Sake, baba mkwe halitaji jina la mke wa mwanawe, hapishani naye kwenye njia nyembamba, hakai naye kwenye mkeka mmoja. Alimwita Mama Astrid, kwa jina la mtoto, naye akamwita Papa, akitazama chini. Stéphane mwenyewe alikuwa Omate, kwenye mashimo ya dhahabu, anachimba. Tangu baba yake na Mama Astrid wakimbilie hapo alikuja mara moja tu, akala, akalala, akarudi. Kwa hiyo nyumba ile ya mbao ilikuwa na watu wakubwa wawili wasiosemezana, na mtoto ambaye alikuwa hajajua kusema.

Mtu ambaye angesema alikuwa amebaki Nyabiondo, chini ya udongo.

Verdiane, mkewe, alikuwa mwanamke wa maneno. Walioana wangali wabichi, wakalima maharagwe na mihogo kwenye shamba lililosimama kama ukuta, mpaka watu wa chini wakawacheka kwamba wale wanavuna kwa kamba. Papa Séraphin alisema kidogo. Verdiane alisema ya wote wawili. Hata padri akimuuliza mume jambo, mke ndiye aliyejibu, na mume akatikisa kichwa kuthibitisha.

Ugonjwa wa jiwe ulipomkamata mume, ni Verdiane aliyesema kwamba huo si mgongo. Jiwe lilikuwa ndani, kwenye njia ya mkojo, upande wa kushoto. Walishuka Goma. Daktari alilitoa, kisha akaacha ndani yake mpira mwembamba, unaotoka kwenye figo mpaka kwenye kibofu, umejikunja huku na huku kama mkia wa nguruwe ili usiteleze. Aliuita sonde. Sonde ingeishika njia wazi mpaka kidonda kipone, na mkojo upite. Alisema warudi baada ya miezi mitatu iondolewe. Alisema mzee anywe maji mengi, mpaka mkojo uwe mweupe. Na akisikia haja asiizuie, maana kukiwa na sonde mlango wa chini haufungi tena, na mkojo ukikosa pa kutokea unapanda kurudi kwenye figo.

Papa Séraphin alitazama viatu vyake. Verdiane alimtazama daktari.

Tangu siku ile kukawa na kikombe cha buluu. Verdiane alikijaza, akasimama mbele ya mumewe, mkono kiunoni.

"Kunywa nikuone."

"Nitakunywa."

"Hiyo 'nitakunywa' njo ilizaa jiwe. Kunywa nikuone."

"Mama, miye si ng'ombe."

"Ng'ombe iko na akili. Inakunywaka bila kuimbiwa."

Alikunywa. Alifuta mdomo kwa kiganja, akarudisha kikombe. Verdiane alichungulia ndani kama mtu aliyeangusha pete, kisha akaenda zake akicheka. Na mumewe akirudi kutoka nyuma ya migomba, alimuuliza kwa sauti ya kufika kwa majirani: "Ni ya maji ao ya chai?"

"Mama Stéphane! Watu banasikia."

"Basikie. Nao banakojoaka."

Miezi mitatu haikuisha kwa amani. Vita ilikuja mpaka kwenye vilima vyao. Siku waliyokimbia, barabara ya chini, ile ya Sake na Goma, ilikuwa imefungwa kwa risasi. Njia iliyobaki ilikuwa ya kupanda, upande wa Masisi, kisha Walikale, alikokuwa Stéphane. Mama Astrid alikuwa kwa wakwe zake wakati huo. Alikuja kuzaa karibu na mama mkwe. Basi wakatoka pamoja, mtoto mgongoni. Verdiane alibeba sufuria kichwani, na kikombe ndani ya sufuria.

Walipofika Nyabiondo, homa ilimkamata Verdiane. Wanawake walilazwa ndani ya kanisa, wanaume nje chini ya turubai. Papa Séraphin alikuwa nje, mvua inanyesha, alipoitwa. Alipoingia, maneno yalikuwa yamekwisha. Walimzika nyuma ya kanisa, karibu na barabara, na msalaba wa mbao za kasha la sabuni. Hawakukaa matanga. Nani angekaa? Kesho yake watu walisukumana kwenda mbele, nao wakaenda.

Hakulia. Watu walisema mzee yule ni mgumu. Hawakujua kwamba machozi pia yalikuwa kazi ya Verdiane.

Ndivyo alivyofika kwa Stéphane, na kigoda, na barabara ya kutazama.

Nyumba ilikuwa nzuri. Chumba chake kilikuwa na mlango wake wa nje, ili asiingiliane na mke wa mwanawe. Shida ilikuwa choo. Njia ya chooni ilipita mbele ya jiko, na jikoni alikuwapo Mama Astrid, tangu moto uwashwe mpaka uzimike. Mzee hawezi kupita mbele ya mke wa mwanawe akishika njia ya choo, akarudi, akapita tena, akarudi, kama mtoto aliyekula mapera mabichi. Kila mara mwanamke atajua anakwenda kufanya nini. Na sonde ilikuwa inachokoza kibofu. Haja ilimjia kabla hajakaa vizuri.

Akaizuia. Alingoja Mama Astrid aende kuteka maji, au sokoni. Siku za mvua hakwenda popote, na Papa Séraphin alikaa kwenye kigoda amebana magoti, akitazama barabara.

Mwishowe akajipatia dawa yake: usipokunywa, haja haiji. Wakati wa chakula alikunywa kidogo tu, ya kuteremsha tonge la fufu. Kikombe cha buluu hakukiona tena. Alidhani kilipotea njiani, na hakuuliza.

Mkojo ukawa wa chai. Baadaye ukawa wa kahawa. Na akikojoa, maumivu yalipanda upande wa kushoto mpaka chini ya mbavu, kama mtu anayesukuma kijiti kutoka chini kwenda juu. Lakini ulikuwa unatoka. Hilo ndilo lililomdanganya. Kwao bomba la chemchemi likiziba, maji hayatoki. Yakitoka, bomba ni zima. Mkojo unatoka, basi sonde ni nzima. Alijiambia hivyo, na hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba anakosea.

Kulikuwa na siku alizotaka kusema. Alifika mpaka pembeni ya jiko, akakohoa. Mama Astrid akageuza uso kando, kama inavyopasa.

"Papa, kuko kitu?"

"Hapana. Moshi iko mingi."

"Kuni njo iko mbichi, Papa."

"Njo vile."

Akarudi kwenye kigoda.

Asubuhi moja hakuinuka kitandani. Alisikia kibidoni kikiwekwa juu ya jiwe. Mwili ulikuwa unatetemeka mpaka kitanda kikalia. Alijifunika koti, akajifunika na gunia juu ya koti, na baridi ikabaki pale pale. Jua likapanda. Miguu ikaja, ikasimama, ikarudi. Ikaja tena.

"Papa?"

"Niko."

Mke wa mwana haingii chumba anamolala baba mkwe. Mama Astrid alisimama nje, upande wa ukuta, ili hata mlango ukifunguka asione ndani.

"Papa, maji imebaki. Haukuikamata."

"Leo sitanawa, Mama Astrid. Baridi imenishika."

Mtoto alinung'unika mgongoni.

"Hautanawa?"

"Iache tu. Nitanawa kesho."

"Papa... unanawaka na ile maji?"

"Na miguu pia. Unafanya vizuri sana. Inaniondoleaka uchovu."

Sauti ya Mama Astrid ikatoka nyembamba, kama ya mtu anayezuia kicheko au kilio, na mwenyewe hajui ni kipi.

"Papa, ile maji ni ya kukunywa."

Papa Séraphin alifungua macho.

"Iko moto."

"Naitokoteshaka, kwa sababu banasema kipindupindu iko huku chini kwa mutoni. Nangoja ipoe, lakini naogopa uamuke mapema ukose. Njo nakuletea ingali na moto kidogo."

"Maji ya moto ni ya kunawa, Mama Astrid. Tangu nizaliwe."

"Ni ya kukunywa, Papa. Mama njo alinituma, mule kanisani. Alisema: Baba yenu iko na mupira mu tumbo, usimuache bila maji, umusimamie. Nikasema, Mama, nitamusimamia namna gani, na ni papa mukwe wangu? Akasema: Weka kwa mulango. Atajua."

Papa Séraphin alitazama mabati juu yake. Atajua. Hapo tu Verdiane alikosea. Maisha yote ni yeye aliyekuwa anajua kwa ajili ya wote wawili.

"Na kikombe alinipa," Mama Astrid aliendelea, sasa maneno yanamtoka bila kupumzika. "Kile ya buluu. Nimekifunga mu sanduku na vitu vyake, tunangoja Stéphane arudi tumalize matanga. Kitu ya marehemu haitoke mbele ya matanga kuisha, Papa, unajua. Kama ningekiweka pale kwa jiwe..."

"Ningejua."

"Ungejua. Nisamehe."

"Hauna kosa."

Alikumbuka kile kitunguu nyuma ya ukuta, kilivyonenepa.

Bado kulikuwa na neno moja, na hapakuwa na mwingine wa kulibeba. Alikuwa hajawahi kulisema mbele ya mwanamke yeyote isipokuwa mmoja. Aligeuka akauelekea ukuta, ili hata mlango usimwone uso.

"Mama Astrid. Mukojo iko na damu. Na huku kushoto kunawaka moto."

Nje alisikia kitenge cha mtoto kikikazwa upya mgongoni.

"Nimesikia, Papa," sauti ikasema. Na miguu ikakimbia.

Ilirudi na Adelaïde, muuguzi wa kituo cha afya, mwanamke mnene mwenye viatu vya mpira vya mvua. Na kwa kuwa Adelaïde hakuwa mkwe wa mtu yeyote mule ndani, aliingia bila kubisha hodi. Alimshika paji la uso. Alimgonga kidogo mgongoni upande wa kushoto, na Papa Séraphin akaruka.

"Hiyo sonde iliingia wakati gani?"

"Mbele ya vita."

"Vita gani, Papa? Huku ziko mingi."

"Ile ilitufukuza."

"Na walisema urudi kisha miezi tatu."

"Barabara..."

"Barabara, najua. Kila mugonjwa wangu ni wa barabara." Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, kitanda kikapiga kelele. "Sikiliza. Ule mupira iko na tundu katikati, na vitundu vidogo pembeni. Mukojo inapita ndani yake, na ingine inapita inje, kati ya mupira na njia yenyewe. Sasa haukunywa. Mukojo ikakuwa nzito, chumvi yake ikashika mule, sawa vile inashikaka mu sufuria ya kutokotesha maji. Ndani ikaziba. Imebaki ile kidogo ya kujikokota inje, na kule nako chumvi inakuja. Ukizuia, inarudi juu. Figo imejaa, imevimba, njo hii homa."

"Lakini mukojo inatoka."

"Inatoka kwa figo ya kuume! Kibofu ni moja, Papa, figo ni mbili. Moja inafanya kazi, ingine inazama, na weye unaona mukojo chini, unasema kuko salama."

Adelaïde alimchoma sindano, akamfungia chupa ya serumu, ile dripu, kwenye msumari wa ukuta, kisha akasema kwa sauti ambayo ilikuwa ya ndani na ya nje ya mlango pia:

"Hii itatuliza homa. Haifungui mupira. Kuutoa huku hatuna namna, miye wala ospitali. Ni Goma. Na ni upesi, kama anataka kuishi."

"Anataka," Mama Astrid akajibu kutoka nje.

Papa Séraphin alisikia ajabu. Tangu Nyabiondo hakuna mtu aliyekuwa amejibu mahali pake.

Aliyekuwa anashuka Goma ni Mbusa, mfanyabiashara kutoka Butembo, mwenye duka karibu na soko na Fuso ya kubeba madumu ya mawese. Barabara ilikuwa imefunguka siku zile, haijulikani kwa muda gani. Mbusa alikuja mwenyewe kumtazama mgonjwa, akajikuna shingo.

"Muzee atapanda mbele na miye. Lakini sikieni: sisimamaki njiani. Huku kusimama ni kuita watu."

"Atakojoa," Mama Astrid alisema, macho chini.

"Akojoe mbele ya kutoka."

"Muganga wa kituo alisema asizuie."

Mbusa alimtazama mzee, akamtazama mwanamke, akatazama mbingu.

"Basi kwa mukojo nitasimama. Kwa kitu ingine, hata ikuwe ni askofu, hapana."

Asubuhi ya safari, Papa Séraphin alifungua mlango. Kibidoni kilikuwa juu ya jiwe. Kando yake kilikuwa kikombe cha buluu, kimeoshwa. Mama Astrid hakumngoja Stéphane, wala matanga. Papa Séraphin alikishika. Kilikuwa na ile alama ya jino pembeni, ambapo Verdiane alikiuma siku moja ya mavuno, mikono imejaa. Akamimina, akanywa. Maji yalikuwa na moshi wa kuni mbichi. Ilikuwa mara ya kwanza kujua ladha yake.

Mama Astrid na mtoto walipanda nyuma, juu ya madumu. Nafasi ya mbele ilikuwapo, lakini hakukaa bega kwa bega na baba mkwe. Gari ilipopunguza mwendo kwenye matope, mkono wake ulishuka dirishani na kikombe kimejaa nusu, nusu nyingine imemwagikia mlango. Mbusa alikipokea.

"Muzee, kinywaji yako imefika. Miye bibi yangu hata kwa nyumba haniletee hivi."

"Uko na mupira?"

"Hapana!"

"Basi."

Mbusa alicheka mpaka akapiga usukani. Kisha wakasimama Kashebere, mzee akashuka nyuma ya kichaka. Yalitoka matone, mekundu. Alirudi akishika ubavu. Mbusa hakucheka tena, akaongeza mwendo.

Kabla ya kufika kwenye kanisa la Nyabiondo, Papa Séraphin aliweka mkono kwenye mlango.

"Mbusa. Simama."

"Tena? Haijafika hata..."

"Simama."

Fuso ikasimama. Alishuka polepole, akalizunguka kanisa, akaenda nyuma. Msalaba ulikuwa umeegemea upande, na majani yamepanda mpaka kiunoni mwake. Aling'oa aliyoweza. Aliusimamisha msalaba, akakanyaga udongo kwa mguu ili ushike. Alikuwa na mambo mengi ya kumwambia, ya barabara, ya mtoto ambaye sasa ana meno. Alisimama pale, na kilichotoka kilikuwa jibu tu, kwa swali alilokuwa akiulizwa kila siku.

"Ni ya kahawa, Mama Stéphane."

Honi ililia. Ikalia tena, halafu ikanyamaza katikati, maana Mbusa alikuwa ametoa kichwa dirishani akaona msalaba. Papa Séraphin alipopanda, Mbusa alikuwa amevua kofia.

"Umemaliza, Muzee?"

"Nimemaliza."

"Ilikuwa mingi," Mbusa alisema taratibu, akawasha gari. Nyuma, juu ya madumu, Mama Astrid alikuwa amejifunika uso kwa kitenge.

Kutoka Masisi walishuka. Papa Séraphin alijua kona zote kabla hazijafika. Mlima wao ulitokea upande wa kulia. Shamba lilikuwa bado limesimama kama ukuta, lakini lilikuwa la majani. Nyumba haikuwa na mabati. Migomba ilikuwapo. Hakuomba gari isimame, na Mbusa hakuuliza. Mlima ukabaki nyuma.

Wakapita Sake. Kwenye kizuizi, karibu na Mubambiro, askari alitia kichwa ndani.

"Huyu muzee iko na nini?"

"Mukojo imefunga, chef," Mbusa akasema.

"Na mufuko yako, nayo imefunga?"

"Hiyo inafungukaka ikiona weye."

Askari akacheka, wakapita.

Goma, daktari hakuwa yule wa kwanza. Alikuwa kijana, mwenye macho ya kukosa usingizi. Walimpiga picha, wakazungumza Kifaransa wao kwa wao, na Papa Séraphin akatazama viatu vyake. Sonde haikukubali kuvutwa kutoka chini. Chumvi ilikuwa imeishika huku na huku. Ikabidi wapasue.

Baada ya siku kadhaa, alipoweza kukaa, daktari alimletea ile sonde ndani ya kichupa. Ilikuwa nyeupe, ngumu, nene kuliko ilivyoingia, kama kijiti kilichopakwa chokaa mara nyingi. Papa Séraphin aliigeuza geuza. Hapakuwa na tundu tena.

"Tumeitoa," daktari alisema. "Lakini ile figo ya kushoto ilikuwa imekufa, Papa. Tumeitoa nayo. Umebaki na moja."

"Mutu anaishi na moja?"

"Anaishi. Ile imebaki inabeba kazi ya mbili. Lakini lazima uichunge. Maji, Papa. Kila siku."

Papa Séraphin alifikiri.

"Kubaki moja," akasema, "nimeanza kuzoea."

Daktari alidhani ni dawa ya maumivu inamsumbua. Alimgusa bega, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Chumba kilikuwa na vitanda vingi, na kila kitanda na mtu wake aliyekaa kando: mke, dada, mama. Walizungumza, walimenya machungwa, walisuka nywele. Kando ya kitanda cha Papa Séraphin, Mama Astrid alikaa chini sakafuni, mgongo ameuegemeza kwenye mguu wa kitanda, uso ameuelekeza ukutani. Astrid alilala mapajani mwake. Wale wengine waliwatazama wakadhani wamegombana.

Mama Astrid alimimina maji kutoka kwenye kibidoni cha njano. Aliinua kikombe cha buluu juu ya bega lake, kwa mikono miwili, bila kugeuka.

"Kunywa, Papa. Miye sikuangalii. Niko nasikia."

Papa Séraphin alikipokea kwa mikono miwili. Alikunywa. Alikunywa kwa sauti kubwa, kama ng'ombe, ili asikie mpaka mwisho.